Jiwe Nililolichuna Ngozi

Ninyi vijana mnaowapokea wageni sasa kule kanisani mlimani, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyoyatunza yale makaburi ya mawe. Kiongozi wenu Faith aliniletea daftari na kalamu mbili, akasema, "Nyanya, andika vile unaongea tu, sisi tutapanga." Tafadhali msipange. Mimi niliishia darasa la tatu, na maneno yangu yakipangwa na wasomi nitapata mahali pa kujificha. Nimejificha miaka mingi, inatosha.

Faith alitaka nianze na lile jiwe tupu la nyuma, karibu na ua, kwa sababu ndilo wageni wanaoshuka treni Voi huliulizia kabla hata hawajanywa maji. Nilimwambia hilo litakuja kwa wakati wake. Kwanza mjue kazi, maana asiyejua kazi hawezi kuliona kosa.

Makaburi ni kumi na tisa. Manne yako ndani, kumi na tano nje. Hata nikiamshwa usingizini nitayataja kwa mstari wake, na mama wa kila marehemu nitamtaja. Watu wamenisifu kwa hilo tangu nikiwa msichana. Mtu akibisha habari ya ukoo husema, "Muulizeni Wakesho, yeye hasahau jina."

Zile sanamu mbili zilizolala pamoja chini ya dirisha la mashariki ni za mchungaji wa kwanza, mzungu, na mkewe. Mmeona viatu vyao vilivyosimama wima, na mikunjo ya gauni inavyoshuka kuelekea miguuni ilhali mama mwenyewe amelala chali? Wageni husema ni ustadi wa ajabu. Ukweli ni kwamba fundi aliyewachonga, Zakaria Mlamba, hakuwahi kumwona mzungu amelala. Aliwachonga wamesimama, kisha wanaume wanane wakawalaza. Hilo waambieni wageni, watacheka, na Zakaria hataona vibaya.

Wale wa nje ni watu wetu wenyewe, Wakristo wa kwanza wa mlima huu. Wakati ule wasomaji walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo Zakaria alichonga jina, na juu ya jina akachonga kazi ya mtu. Mghoi ana chungu, kwa sababu alifinyanga. Samsoni Kilele ana kengele. Mlamba mwenyewe, alipokufa, wanawe walimchongea patasi, na waliichonga vibaya mpaka inafanana na kijiko. Watu walisema sasa tumejua Zakaria alikuwa mlaji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Danieli Shako, mtunzaji wa kanisa kabla yangu. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, na fimbo yake ilimtangulia kila mahali. Siku yangu ya kwanza nilianza kuosha juu nikashuka chini, kama mtu anavyooga. Maji machafu yakateremka kwenye jiwe kavu, yakaacha michirizi myeusi kuanzia machoni mwa mke wa mchungaji hadi shingoni. Mzee Shako akaja, akasimama.

"Wakesho, umemfanya nini mama wa watu?"

"Nimemwosha, mzee."

"Umemliza. Na hatanyamaza leo wala kesho."

Ilinichukua mwezi mzima kumnyamazisha. Basi shikeni hili: loanisheni jiwe lote kwanza, kisha mwanze kusugua chini mkipanda juu, ili maji machafu yapite mahali palipokwisha kulowa. Tumieni brashi ya katani iliyolazwa kwenye maji usiku kucha, isiwe ngumu. Maji yawe matupu. Sabuni ni ya nguo na ya watoto. Ule ukoga wa kijivu unaoota kama madoa, ukiachia uondoeni, ukishika uacheni. Mzee Shako alizoea kusema, "Jiwe lina ngozi kama wewe. Ukiichuna, haioti tena."

Na jina likififia, msikwaruze. Nendeni asubuhi jua likiwa chini, mchukue kifuniko cha sufuria kinachong'aa, mrushe mwanga kutoka ubavuni mwa jiwe. Herufi zitasimama kama zimeitwa. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma. Shuleni nilifundishwa herufi nikazisahau. Kwenye makaburi Mzee Shako alishika kifuniko, mimi nikapitisha kidole. M niliijua kwenye jiwe la Yohana Mwaluma, mrina asali, kwa sababu M yake ilichongwa kwa kina na kidole kilikaa ndani vizuri.

Kazi yetu ilikuwa na vicheko vyake. Kuna Jumatano moja Shemasi Eliasi alikuwa akiongoza maombi, macho ameyafumba, akasikia benchi la mbele likilia. Akasema, bila kufumbua, "Karibu ndugu, umechelewa, lakini Mungu hana saa." Ndugu mwenyewe alikuwa nyani, amefuata mkate wa meza ya Bwana. Sisi wanawake tulilia kwa kujizuia kucheka. Eliasi alipofumbua macho alisema tu "Amina" na kutokea dirishani.

Sasa nimechelewesha vya kutosha. Nirudi kwa Yohana Mwaluma.

Alianguka kutoka mtini akirina asali. Aliacha mke, Mshai, na binti mmoja, Mkawasi, mtoto wa miaka kama minne hivi. Baada ya kuzikwa, Mshai alimchukua mtoto akashuka naye Mahoo, upande wa Taveta, kwa kaka zake waliokuwa wakilima huko. Hawakurudi. Zakaria alimchongea Mwaluma mzinga wa gogo, umening'inia kwa kamba mbili, na chini yake jina. Lilikuwa jiwe jeupe laini, tofauti na mawe ya hapa mlimani, na lilikuwa zuri kuliko yote ya nje.

Miaka mingi baadaye tuliambiwa kwamba askofu anakuja kwa sikukuu ya kanisa. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Nyambu, alipita makaburini, akagusa ukoga kwa ncha ya kiatu.

"Wakesho, kwa uchafu huu askofu ataona tunalala kitanda kimoja na wafu wetu."

Maneno hayo yaliniuma. Mzee Shako wakati huo alikuwa nyumbani, miguu imevimba, hawezi kupanda mlima. Nikashuka Voi kwa binamu yangu Mwadime, aliyekuwa fundi wa sakafu. Akanipa mtungi wa plastiki wenye tindikali ya kusafishia sakafu, na brashi ya waya. Akasema, "Dada, hii ikigusa kitu, hata dhambi inatoka."

Nilitaka kuijaribu kwanza mahali pasipoonekana sana. Na hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Nililichagua jiwe la Mwaluma kwa sababu liko nyuma, na kwa sababu hakuwa na mtu. Mghoi ana wajukuu, wangeuliza. Kilele ana wajukuu, wangeuliza. Mwaluma nani angemuulizia? Niliwaza hivyo kabisa, nikiwa nimesimama na mtungi mkononi. Kidole changu kilichojifunza kusoma kwake ndicho kilichofungua kifuniko.

Jiwe likachemka povu. Nikasugua kwa waya. Lilitoka jeupe kama jino la mtoto, nikafurahi mno. Ningeendelea na mengine kama mikono haingeniwaka moto. Siku ya sikukuu askofu alipita nyuma, akasimama pale pale, akasema, "Hili limetunzwa." Kamati ikaniita mbele ya watu wote, nikavishwa leso mpya, wanawake wakapiga vigelegele. Niliivaa leso ile mpaka ikachakaa.

Masika yalipokuja, jiwe likaanza kubanduka kama ukoko wa ugali. Kila baada ya mvua nilikuta vipande chini, na kwenye vipande kuna nusu ya herufi. Nilivifagia mapema kabla ya watu kufika. M ndiyo iliyokaa mwisho. Masika ya pili nayo ikaenda. Ikabaki alama ya lile gogo la mzinga tu, bila kamba, kama mfuo uliobonyea kwenye jiwe tupu.

Mzee Shako alipopata nafuu alijikokota mpaka pale. Alilipapasa jiwe kwa muda mrefu.

"Ni mvua, mzee," nikasema. "Mwaka huu imekuwa kali sana."

Alichukua mkono wangu, akaupitisha kwenye mikwaruzo ya waya. "Wakesho. Mvua haina kucha."

Nikauvuta mkono wangu, nikauficha ndani ya leso.

"Utaiambia kamati lini?"

"Jumapili, mzee."

Jumapili ikapita. Tulipokutana njiani aliniuliza, "Jumapili ipi?" Nikasema hii inayokuja. Hakuwahi kunisemea kwa mtu, na hakuwahi kuacha kuniuliza. Hata nilipompelekea uji siku zake za mwisho, sauti imekauka, aliniangalia akasema, "Jumapili ipi, binti yangu?" Nikamfuta mdomo nikajifanya sikusikia. Alizikwa na swali lake.

Kama ingeishia hapo, ningekuwa mwoga tu, na waoga ni wengi. Lakini Mkawasi alikuja.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, hakuna watu. Nikamwona mama wa makamo, viatu vyake amevishika mkononi kwa ajili ya matope, na kwenye pindo la leso amefunga kitu cha ukubwa wa ngumi. Akaniamkia vizuri, akasema ametoka Mahoo, anamtafuta baba yake.

"Nilikuwa mdogo, dada. Mama yangu Mshai amefariki mwezi uliopita. Aliniambia nichukue udongo wa kaburi lake nije niuweke kwa baba, kwa kuwa yeye hakuweza kurudi. Alisema nitamjua baba kwa mzinga. Jiwe lina mzinga."

Nilimtambua kabla hajamaliza. Mdomo ni wa Mwaluma, niliyemwona nikiwa mtoto. Nikamwacha azunguke. Alipita kila jiwe akisoma kwa sauti ndogo, mpaka akafika nyuma. Akainama. Akauweka mkono wake kwenye ule mfuo.

"Na hapa ni nini hiki?"

Watoto wangu, ningesema neno moja tu. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini niliona leso yangu ya zawadi, niliona kamati, niliona Mwalimu Nyambu akitikisa kichwa.

Nikasema, "Huo ni mtumbwi."

"Mtumbwi? Huku juu mlimani?"

"Watu wa zamani walikuwa na mambo yao."

"Mimi natoka karibu na ziwa, dada, mitumbwi naijua. Huu haufanani." Akacheka kidogo. "Labda aliyechonga naye hakuwahi kuuona. Na jina?"

"Halikuchongwa jina tangu mwanzo."

Akashukuru. Alikuwa amechoka, akaomba akae kidogo. Akakaa juu ya lile jiwe, akatoa ndizi mbili za kuchemsha, moja akanipa. Nikaila. Nilikula ndizi ya Mkawasi yeye akiwa amekaa juu ya baba yake na kuniuliza kama kuna kanisa lingine la mawe upande wa pili, labda mama alichanganya. Nikamwambia labda. Akafunga tena vizuri pindo la leso, akateremka na udongo wake.

Tangu siku ile mtumbwi ukawa mtumbwi. Mgeni mmoja aliniuliza, nikarudia vile vile, kwa sababu uongo ukishapita mdomoni mara moja hauhitaji kusukumwa tena. Wengine wakaongeza. Nilipostaafu nilikuwa nimesikia kwamba pale amelala msafiri wa majini aliyepotea njia akafia mlimani kwetu. Ninyi mmempa hata mchumba.

Juzi juzi nilikuja kanisani, nikakaa benchi la nyuma, nikamsikia Faith akiwasimulia wageni. Anasimulia vizuri. Mama mmoja mgeni alitoa maua kwenye nywele zake akayaweka juu ya jiwe, machozi yakimtoka kwa ajili ya msafiri ambaye mimi nilimtengeneza. Nikaona: hata maua hayamfikii Mwaluma. Nilipomwambia Faith kwamba hadithi ile si kweli, alishika kichwa. "Nyanya, please, usituharibie. Hiyo ndiyo inavuta watu." Sikumkasirikia. Nani alimfundisha?

Kesho yake nilienda Mahoo. Sikuwa na namba ya simu wala jina la kijiji, lakini majina ninayo. Sokoni niliuliza Mkawasi binti Mshai, wa ukoo wa mrina asali wa mlimani, na muuza nyanya wa tatu akanielekeza kwenye migomba, ng'ambo ya mfereji wa maji.

Amezeeka kama mimi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yana ukungu, lakini sauti yangu aliijua.

"Wewe ni yule dada wa kanisani. Uliyekula ndizi yangu."

"Ndiye mimi."

"Umekuja kuilipa?"

Nikapiga magoti, yale magoti mabovu. Nikamwambia yote, tindikali, waya, mzinga, mtumbwi. Sikumficha hata kipande. Alinisikiliza bila kunikatiza, ila niliposema alikuwa amekaa juu ya baba yake, aliweka mkono kifuani.

Kwetu Wadawida, mtu mwenye kinyongo akitaka kukitoa hutia maji mdomoni, au maji ya muwa, akayapuliza nje na kutamka amani. Huko ndiko kutasa. Wahubiri walitukataza, lakini hakuna mzee asiyejua. Mkawasi alimwita mkwe wake, akaletewa kikombe cha maji. Akatia funda mdomoni. Nikainamisha kichwa nikingoja yaniangukie.

Akayameza.

"Nikuulize," akasema. "Siku ile, jina la baba yangu ulilikumbuka?"

"Nililikumbuka."

"Lote?"

"Yohana Mwaluma. Mama yake Wali."

Akageuza uso upande wa mfereji. "Basi ni hapo, dada. Kama ungekuwa umelisahau, ningekusamehe leo hii."

Nilibaki pale pale magotini.

Akamtuma mkwe wake chumbani, akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na udongo, bado kwenye kipande cha leso ile, fundo halijafunguliwa. Alikuwa ameutunza miaka yote hiyo kwa sababu hakujua pa kuupeleka.

"Mimi mlima siuwezi tena," akasema. "Upeleke wewe. Na usiufungue njiani."

Niliupeleka. Nilipanda peke yangu, nikaosha jiwe kwanza kama nilivyofundishwa, chini kupanda juu, maji matupu. Nikafungua fundo, nikaumimina udongo wa Mshai kwenye ule mfuo wa mzinga. Ulitosha kuujaza. Asubuhi yake nilirudi na kifuniko cha sufuria, nikarusha jua ubavuni, nikiomba hata mguu mmoja wa M usimame. Hakuna kilichosimama. Jiwe lilikuwa na mikwaruzo yangu tu, na mwanga wa ubavu uliionyesha yote, moja moja.

Kwa hiyo, Faith, nakuomba daftari hili ulisome kanisani kwa sauti, mimi nikiwa nimekaa mbele watu wanione. Mzee Shako aliuliza Jumapili ipi. Ni hii.

Na ninyi wengine, mgeni akifika kwenye jiwe la nyuma, msimwambie habari ya msafiri. Mwambieni hapa amelala Yohana Mwaluma, mrina asali, mwana wa Wali, mume wa Mshai, baba wa Mkawasi aliye Mahoo, na ule si mtumbwi, ni mzinga. Akiuliza mbona hakuna jina, semeni lilikuwepo, lilichunwa. Naye akiuliza nani alilichuna, msione haya kwa niaba yangu, aibu ni yangu. Semeni ni Wakesho, mke wa Righa, aliyekuwa mfagiaji hapa. Mtajeni kwa jina.